Kliniki ya moyo: daktari safi, foleni mbaya

Nilimpeleka mama, miaka 78, kupimwa moyo kwa altrasaundi. Miadi ilikuwa saa tatu. Tukaingia saa sita kasoro, hakuna hata aliyetuomba radhi. Na ile jeli yao ya baridi, mama aliruka!

Lakini daktari alinifurahisha. Alitugeuzia skrini tukaiona vali ya aota, yaani mlango ambao damu hupitia ikitoka moyoni kwenda mwilini: vijilango vitatu vimekakamaa, vyeupe kwa chokaa, vinafunguka kwa shida. Mama akaanza kulaumu mafindofindo ya utotoni. Daktari akatabasamu. Zamani, akasema, vali nyingi ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi inayofuata maambukizi ya koo, hasa vali ya mitrali, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, na wagonjwa walikuwa vijana. Penisilini ilipoenea tangu miaka ya 1940, na makazi yakapungua msongamano, homa hiyo ikafifia kwenye nchi tajiri. Watu wakazeeka, na chokaa ikapata muda wa kujijenga. Kwenye nchi maskini homa bado inaumiza watoto. “Yako, mama, ni umri tu.”

Akatuchorea pia vali mpya inavyopitishwa kwenye mshipa wa paja bila kupasua kifua, jambo lililofanyika mara ya kwanza Ufaransa mwaka 2002. Mama karatasi ile hajaiachia.

Nyota nne. Ya tano nimewanyima kwa ile foleni.