Kozi ya Prof. Erickson ya pawa elektroniki, Coursera: nyota tano toka kwangu

Jamani mafundi wenzangu wa inveta na sola, hii kozi ya mtandaoni ya pawa elektroniki, yani saketi za kubadilisha umeme, ifuateni. Mwalimu ni Robert Erickson wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kule Marekani, huyu mzee digrii zake zote tatu kachukulia Caltech, chuo cha teknolojia cha California, PhD 1982, na mwaka huohuo akaanza kufundisha Colorado. Caltech ndo kulikuwa na profesa Middlebrook, aliyelea watafiti wengi wa fani hii, na ukimsikiliza Erickson unaona kabisa katoka mikono mizuri.

Mimi nimebadilisha mosfeti, zile swichi za kielektroniki ndani ya inveta, miaka kibao bila kujua kwa nini zinaungua, yani natoa naweka tu. Sasa yeye anakuonyesha kwamba volti za koili, ukichukua wastani wa mzunguko mzima wa swichi saketi ikishatulia, lazima ziwe sifuri, basi, hapo tu ndo kila kitu kinafunguka. Mfano swichi ikiwashwa nusu ya muda kwenye saketi ya kupandisha volti, betri ya volti 12 inakupa 24, na hesabu unaifanya mwenyewe kwenye karatasi, aisee nilifurahi siku ile mpaka nikamwita mdogo wangu aje aone!

Kiingereza chake kinaeleweka, hatumii mbwembwe. Ila hesabu zipo, kama ulisahau kalkulasi ya shule pitia kwanza, halafu tafuta bando la maana kwa sababu ni video nyingi.