Walininyang'anya jagi la maji: jioni ya kuonja wiski za Uskoti, Westlands, Nairobi

Wiski zenyewe zilikuwa nzuri. Naliweka hilo mbele ili mtu asije akasema nimekusudia kumharibia mwenye baa riziki yake. Zilikuwa nne, zote singo molti, yaani shayiri iliyooteshwa kimea, kiwanda kimoja, hakuna mchanganyiko wa nafaka nyingine. Zilipangwa kuanzia nyepesi hadi zenye moshi mzito, kama inavyotakiwa, na bilauri zilikuwa zile ndogo za Glencairn, tumbo pana na mdomo uliobanwa, zinazokusanya harufu badala ya kuiachia ipotelee hewani. Aliyeandaa meza alijua kazi yake. Shida ilikuwa kwa aliyepewa kipaza sauti.

Baa siitaji jina. Nilikwenda na shemeji yangu Ijumaa moja, siku si nyingi zilizopita. Ada ililipwa mapema na haikuwa ndogo. Aliyetuongoza alitambulishwa kama mtaalamu, koti zuri, sauti nzito, na kila sentensi yake ilianza na "wapendwa".

Glenlivet ya miaka 12 ndiyo iliyofungua. Tufaha bichi, asali kidogo, inateleza. Saba kati ya kumi, tusonge.

Ya pili ikawa Bunnahabhain ya miaka 12, na hapo nikaanza kumtilia shaka mtaalamu wetu. "Hii inatoka kisiwa cha Islay, wapendwa, kwa hiyo jiandaeni kwa moshi." Moshi upi? Bunnahabhain ya miaka 12 ndiyo chupa ya Islay ambayo mtu humpa mwenzake asiyetaka moshi. Ina zabibu kavu, ina korosho zilizokaangwa, na mwishoni inaacha chumvi pembeni mwa ulimi. Nikatazama meza nzima: watu wanatikisa vichwa, eti moshi wanausikia. Akaendelea kusema kwamba rangi ikikolea ujue umri ni mkubwa. Sheria ya Uskoti inaruhusu kutia karameli ya rangi, ile E150a, kwa hiyo rangi peke yake haikuhakikishii lolote. Nikanyamaza. Nilikuwa nimekuja kuonja. Bunnahabhain niliipa nane na nusu, na hiyo alama haibadiliki hata nikikasirika vipi.

Sasa Ardbeg.

Ardbeg ya miaka 10 ina nguvu ya alkoholi ya asilimia 46, na kwa nguvu hiyo pua yangu huchomeka kabla haijanusa kitu. Nikaionja kavu kwanza, yaani bila maji, kama nifanyavyo siku zote. Halafu nikavuta jagi dogo la maji lililokuwa katikati ya meza, maji ya friji, nikatia kama kijiko cha chai. Wiski ikaingia ukungu mwembamba. Ndiyo kwanza naisogeza puani, mkono ukapita juu ya bega langu ukalichukua jagi. Hakuomba, alichukua. Mkono ukarudi, ukachukua na bilauri.

Akaiinua hadi taa iipige. "Wapendwa, tazameni. Hii ilikuwa dhahabu safi, tazameni ilivyochafuka." Watu wakacheka. Kisha akanigeukia, kipaza sauti kikiwa bado mdomoni: "Mama, wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa tembo halitiwi maji. Kama imekuwa kali, kwa kina mama tunayo likya ya krimu, ile pombe tamu ya maziwa, pale kaunta."

Mimi nimekulia Kaloleni, kwenye minazi. Methali ya mgema hakuna wa kunifundishia Westlands. Inamsema muuzaji anayelewa sifa akaanza kuwapunja wateja wake. Haimhusu mnywaji aliyelipia tembo lake akataka kulinywa apendavyo. Na kama hoja ni kutia maji, basi mgema wa Uskoti ameshatia. Wiski kwa kawaida hutoka kwenye pipa la mwaloni ikiwa na asilimia hamsini na kitu, pengine karibu sitini, na hupunguzwa kwa maji kabla ya kutiwa chupani. Lagavulin iliyokuwa ikingoja zamu yake mezani petu ni asilimia 43. Alidhani ilifikaje hapo? Ardbeg aliyokuwa akiinyanyua mbele ya watu, nayo imeshapunguzwa. Mimi niliongeza kijiko tu juu ya kazi waliyoianza wenyewe.

Na ule ukungu. Hapa ndipo hasira inaponipanda tena hata sasa nikiandika. Wiski ina mafuta yake ya asili, na viwanda vingi huipoza na kuichuja ili mafuta hayo yasije yakaonekana mteja akitia barafu. Ardbeg ya miaka 10 haichujwi kwa baridi. Ikiwa kwenye asilimia 46 mafuta hubaki yameyeyuka, huyaoni. Ukitia maji, hasa maji baridi, nguvu inashuka na yanajitokeza. Kwa hiyo kile alichokiita uchafu ndicho kinachosifiwa kwenye chupa hiyohiyo aliyokuwa ameishika, kimeandikwa. Mtaalamu alikuwa akiwacheka watu kwa kitu ambacho wenye kiwanda wanajivunia.

Tena si mimi niliyebuni maji. Wachanganyaji wa viwandani, watu ambao mshahara wao ni pua, hunusa sampuli baada ya kuzipunguza hadi karibu asilimia 20. Na mwaka 2017 wanakemia wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus kule Uswidi, Björn Karlsson na Ran Friedman, waliiga molekuli kwenye kompyuta wakaona kwamba guayakoli, moja ya viini vya ile harufu ya moshi, hupanda juu ya uso wa kinywaji nguvu inaposhuka, na hufichwa ndani ya alkoholi nguvu inapokuwa kubwa. Juu ya uso, yaani pale pua ilipo. Kuna wanaopenda kavu na wana haki yao, shemeji yangu ni mmoja wao. Lakini kumwaibisha mtu kwa maji mbele ya ukumbi ni ujinga uliovaa koti.

Na barafu? Meza ya jirani walikuwa wanaume sita, bilauri zimejaa barafu hadi ukingoni, Ardbeg haionekani. Barafu ni nini kama si maji? Hata neno hawakuambiwa. Alipita kwao, akawapiga mabegani, akawaita wakubwa. Sijui niite nini kingine zaidi ya dharau kwa mwanamke, na nimetafuta jina jepesi nikalikosa.

Shemeji ndiye aliyesimama. "Bwana, mrudishie shemeji yangu bilauri yake." Hakupaza sauti. Bilauri ikarudi, nusu imemwagika kwenye kitambaa cha meza, bila neno la samahani. Jagi halikurudi.

Kulikuwa na karatasi za kujaza alama, zikakusanywa mwishoni. Ardbeg niliipa sita. Nilijua ninapoandika kwamba hiyo sita si ya wiski, lakini mdomo ulikuwa umekauka na sikusikia ladha yoyote. Shemeji alininunulia chupa wiki iliyofuata, na sasa ninayo hapa mezani, maji pembeni, hakuna wa kuninyang'anya. Kavu, inakuja limau, lami, na ukali unaofunga pua. Ukitia matone machache ya maji yasiyo baridi, ukasubiri kidogo, limau inasogea pembeni na moshi unatulia, ukawa ule moshi wa makumbi ya nazi jioni, mtamu chini yake, usiokwaruza koo. Huo moshi unatokana na piti, udongo mweusi wa mimea iliyooza miaka na miaka, unaochomwa ili kukausha kimea cha shayiri. Ardbeg ni ya moshi mwingi kuliko zote za usiku ule, na bado ina wepesi fulani ambao kwenye baa ile sikupewa nafasi ya kuufikia. Tisa. Nilitaka kusema tisa na nusu.

Lagavulin ya miaka 16 ndiyo iliyofunga. Nilikuwa nimeshamwambia shemeji tuondoke. Kabla hatujanyanyuka, kijana mmoja mhudumu akaja upande wangu, akaweka gilasi ndogo karibu na mkono. "Mama, maji haya hapa. Si ya friji, ya kawaida. Ya baridi yanaziba harufu." Hivyo tu, akaenda zake kuondoa bilauri za meza nyingine.

Huyo kijana alikuwa sahihi, na hakuna aliyempa kipaza sauti. Ubaridi hufanya harufu isipande, kila anayeonja kwa makini anajua, na mtaalamu wetu ndiye aliyetuwekea maji ya friji mezani. Nikabaki. Nikatia matone, nikasubiri. Lagavulin haina haraka: kwanza moshi, halafu chai nzito, zabibu kavu, halafu chumvi ya bahari, na ukishameza inaendelea kuzungumza kifuani kwa muda mrefu. Tisa na nusu. Naisema bila kusita, hata kama niliinywa mbele ya mtu niliyetamani aondoke ukumbini.

Kwa dakika zile nilianza kuisamehe jioni. Chakula kidogo walicholeta kilikuwa kizuri, jibini na samaki wa kukaushwa kwa moshi, na samaki huyo pamoja na Lagavulin ni jambo ambalo ningependa kila mtu alijaribu mara moja. Chaguo la wiski lilikuwa la mtu anayefikiri. Nikarudi nyumbani nikiwa tayari kuwapa tano, pengine sita, na ushauri wa upole kuhusu yule bwana.

Nikawaandikia ujumbe. Sikutukana. Nilieleza jagi, bilauri, methali, likya ya krimu. Nilieleza na ule ukungu, ili angalau asije akamfanyia mwingine. Wakajibu kwamba huo ni ucheshi wake, wageni wengi huufurahia, na kwamba wangependa kunipa punguzo la bei nikirudi na marafiki wa kike, kwa kuwa wanaandaa jioni maalumu ya vinywaji laini.

Vinywaji laini! Nimewaandikia habari za Ardbeg na Lagavulin, wananijibu vinywaji laini.

Kwa hiyo tano imefutika. Wiski nazipa alama zake kama nilivyoziandika hapo juu, hizo hazina kosa. Jioni naipa mbili, na zote mbili ni za yule kijana wa maji. Siku watakayompa yeye kipaza sauti nitalipa ada asubuhi hiyohiyo, na nitakuja na watu wa kujaza meza nzima.