Ruhusa ukiwa mgeni kazini: useme kabla ya kusaini, au uanze kwanza?

Umepata kazi ghalani, bandarini Tanga, na mwezi ujao dada yako anaolewa Pangani. Njia ni mbili: useme kabla ya kusaini mkataba, au uanze kwanza ndipo uombe.

Mimi naunga mkono kusema mapema. Hapo bosi bado anapanga zamu, na siku zako zinaingia kwenye hesabu kabla jina lako halijabandikwa ubaoni. Taja tarehe kamili, si "siku mbili tatu hivi", na uombe iandikwe, hata kwa ujumbe wa simu. Meneja akihamishwa, maneno ya mdomo huondoka naye. Wapo wanaohofia kunyimwa nafasi. Hutokea, ila mwajiri wa kukufuta kwa harusi ya dada yako amekuonyesha rangi yake mapema.

Kusubiri kuna faida moja: watu wameshaona uchapakazi wako. Lakini sheria haikubebi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya siku 28 kwa mwaka, na kwa kawaida aliye chini ya miezi sita hana haki ya likizo yenye malipo. Kwa hiyo unaomba hisani, pengine bila mshahara, tena ukiwa kwenye majaribio. Ikibidi, nenda na suluhisho mkononi: "Shikamoo mzee. Ijumaa nina shughuli Pangani. Mwenzangu wa zamu ya usiku amekubali tubadilishane."

Msiba ni habari nyingine. Huo haungoji mtu amalize majaribio. Piga simu usiku huohuo.