Kitasa kwanza, kamera baadaye: vya kununua kulinda nyumba yako Mwanza

Mtu akishaibiwa, jambo la kwanza linalomjia kichwani huwa ni kamera. Mimi nimeiweka karibu na mwisho wa orodha hii, kwa kuwa kila kifaa nimekipima kwa maswali mawili: kitamchelewesha mwizi kwa muda gani, na kitamlazimisha kupiga kelele kiasi gani? Katika vilima vya Mabatini na Igogo, ambako nyumba zimebanana kati ya mawe, kelele humwamsha jirani mara moja. Kule Buhongwa au Kisesa, ambako viwanja vingi bado havijajengwa, kumchelewesha mwizi kuna thamani zaidi.

Nafasi ya kwanza ninaupa mlango wa nje pamoja na fremu na kitasa chake, na ninasisitiza kwamba vitatu hivi vihesabiwe kuwa kitu kimoja. Nilipokuwa nimepanga Nyegezi, nilinunua kitasa cha bei ya juu kuliko vyote nilivyoonyeshwa dukani. Usiku mmoja wa masika, tukiwa msibani, mlango ulisukumwa ukafunguka, na majirani hawakusikia kitu kwa sababu mvua ilikuwa ikipiga bati. Tuliporudi tulikuta kitasa kizima, hata mkwaruzo hakina. Kilichong'oka ni fremu, ambayo fundi aliishikiza ukutani kwa misumari michache kisha akaifunika kwa plasta. Kwa hiyo, kabla hujauliza bei ya kitasa, gonga fremu yako kwa kiganja na usikilize kama inacheza. Fremu ya mninga au ya chuma, iliyoshikwa ukutani kwa vyuma vilivyozamishwa ndani ya zege, inastahili fedha yako kuliko nakshi yoyote ya mlango.

Kuhusu kitasa chenyewe, chagua cha liva 5 (liva ni vile vibati vya ndani ambavyo ufunguo huvinyanyua) badala ya liva 3. Vile vya liva 3 vina aina chache za funguo, na si ajabu ufunguo wa nyumba nyingine ukafungua mlango wako. Ukipenda cha silinda, hakikisha silinda yenyewe, yaani kile kipande kinachoingizwa ufunguo, haijitokezi nje ya mlango zaidi ya milimita 3 hivi, kwa sababu iliyojitokeza hukamatwa kwa koleo ikavunjwa. Kile kibati kinachopokea ulimi wa kitasa kifungwe kwa skrubu ndefu za milimita 75 zinazofika ukutani, kwani zile fupi zinazouzwa pamoja na kitasa hushika ubao tu. Jambo hili ni la gharama ndogo mno, na linasikitisha kuona linavyopuuzwa.

Kufuli ni msaidizi wa kitasa. Kufuli linaloning'inia nje humwambia kila mpita njia kwamba wenye nyumba hawapo, jambo ambalo kitasa hakilisemi. Hata hivyo, mpangaji wa chumba kimoja mara nyingi hana chaguo jingine, na yeye namshauri anunue lenye mwili wa shaba, linalostahimili unyevu wa ziwa, na lenye upinde mnene wa chuma kigumu, ulio mfupi kiasi kwamba mtaimbo haupati nafasi ya kupenya. Tumbuu, yaani pete ya mlangoni ambamo kufuli hupitishwa, ifungwe kwa bolti zinazotokeza upande wa ndani, si kwa skrubu ambazo mtu anaweza kuzifungua akiwa nje.

Nafasi ya pili ni grili za madirisha. Mwagize fundi wa kuchomelea atumie nondo za milimita 12, zikiachana sentimita 10 hivi, na miguu ya grili izamishwe ukutani wakati wa ujenzi au ishikwe kwa bolti ambazo vichwa vyake vimechomelewa. Idai rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya urembo, hasa ukiishi karibu na maji kama Kirumba. Tena, nawaomba sana wasomaji: grili ya dirisha moja la chumba cha kulala ifunguke kwa ndani, na ufunguo wake ukae mahali ambapo hata mtoto anaufahamu lakini mkono wa mtu wa nje haufiki. Moto ukizuka, nyumba iliyozibwa kila upande huwa mtego kwa waliomo.

Ikiwa nyumba yako imeegemea jabali, lichunguze paa kabla ya dirisha, maana mtu akisimama juu ya jiwe hufika kwenye bati bila ngazi. Hapo dari ya mbao au grili chini ya bati itakufaa kuliko ukuta mrefu.

Ya tatu ni taa ya sola inayowaka mtu akipita. Haitegemei umeme wa gridi, na kwa kuwa haiwaki usiku kucha, haikusanyi wadudu wa ziwani wanaofunika ukuta mzima. Chagua yenye mwanga wa manjano, na uifunge juu, mkono usikoifikia.

Ya nne ni king'ora kidogo cha betri au hata filimbi, kwa sharti kwamba umekubaliana na majirani. Wasukuma wanaijua nguvu ya mwano, lile yowe la kuita watu, na sungusungu wa miaka ya 1980 waliutegemea. Mwizi akikamatwa, piga 112 na umkabidhi kwa polisi akiwa salama.

Kamera ninaipa nafasi ya tano. Inaonyesha aliyeingia, lakini haimzuii kuingia, na ile inayohifadhi picha katika kadi iliyomo ndani yake huibiwa pamoja na ushahidi wake. Ukiinunua, chagua inayotuma picha kwenye simu yako, ukijua kwamba utalipia bando kila mwezi, na uielekeze kwenye geti lako, si kwenye uwanja wa jirani.

Vioo vya chupa juu ya ukuta sikuvipa nafasi yoyote. Gunia moja lililokunjwa linatosha kuvivuka.