ScyllaHide ndani ya x64dbg: inaficha mengi, si yote

Programu ya Windows inayojihami dhidi ya dibaga (chombo cha kuchunguza programu ikiwa inaendeshwa, kama x64dbg) huanza na ukaguzi mwepesi: husoma baiti ya BeingDebugged kwenye PEB (jedwali la Windows la taarifa za kila programu inayoendeshwa), hutazama kama alama ya NtGlobalFlag humo ni 0x70, thamani inayoashiria dibaga, au huuliza Windows kwa kuita NtQueryInformationProcess. ScyllaHide, programu-jalizi ya x64dbg ya bure yenye msimbo wazi, huzima ukaguzi huo vizuri sana. Weka faili za biti 32 na za biti 64 kila moja kwenye folda yake ya plugins, kisha chagua wasifu (seti ya mipangilio) kabla ya kupakia programu. VMProtect na Themida, zana za kulinda programu zisichunguzwe, zina wasifu uliokwisha tayarishwa, anzia hapo. Usiwashe kila kitu, maana kughushi saa ya GetTickCount, ambayo programu huitumia kupima muda, huweza kuivuruga programu yenyewe.

Udhaifu wa ScyllaHide ni mmoja, tena mkubwa: haifiki kwenye kerneli, kiini cha Windows. Programu ya biti 64 inayotoa amri ya syscall yenyewe, yaani kuiita kerneli moja kwa moja, huzikwepa ndoano zake zote (mitego inayonasa miito ya programu kwa Windows), na kipimo cha muda cha RDTSC, amri ya kichakato, hakiguswi. Kwa syscall utahitaji TitanHide, draiva ya kerneli inayogombana na PatchGuard, ulinzi wa Windows dhidi ya kubadilishwa kwa kerneli. Ijaribu ndani ya kompyuta pepe tu, ukiwa umehifadhi nakala ya hali yake kwanza.