Mama Mdogo Aingie Makazi ya Wazee Marekani au Arudi Tabora? Uzoefu Wangu

Mama mdogo wangu amefanya kazi ya uuguzi nchini Marekani kwa sehemu kubwa ya maisha yake na hakujaliwa mtoto. Alipostaafu alituomba ushauri sisi watoto wa dada yake hapa Tabora: auze nyumba yake aingie katika makazi ya wazee yenye uangalizi endelevu, au arudi Isevya tumtunze wenyewe. Kwa kuwa mimi ndiye mhasibu wa familia, nilitumwa kwenda kumwona. Nilikaa naye katika chumba cha wageni cha makazi aliyokuwa akiyafikiria, na tangu ahamie pale nimeendelea kufuatilia hesabu zake. Ninaandika kwa ajili ya familia nyingine zenye mzee aliye mbali.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Mzee huingia akiwa bado anajimudu, akapewa nyumba ndogo yenye jiko lake. Akianza kushindwa kuoga, kuvaa au kukumbuka dawa, huhamia upande wa kusaidiwa. Na akifikia hali ya kutoinuka kitandani, au akipatwa na ugonjwa wa kusahau, wapo wauguzi usiku na mchana ndani ya uzio uleule. Kabla ya kupokelewa hupimwa afya, na anayesubiri mpaka augue ndipo aombe nafasi kwa kawaida hakubaliwi kwa mkataba kama huo. Sharti hilo linaonekana kali, lakini mimi naliona kuwa ndilo jambo jema kuliko yote niliyoyakuta, kwa sababu linamlazimu mzee kuamua mwenyewe, akiwa na nguvu na akili zake timamu, ni nani atakayemwosha siku atakapokuwa hajiwezi. Kwetu uamuzi huo mara nyingi hufanywa katika kikao cha ukoo, mgonjwa akiwa tayari wodini katika hospitali ya Kitete, na yeye mwenyewe haulizwi.

Nyumba aliyopewa mama mdogo ni nzuri. Bafu lina vishikizo ukutani, kuna kitufe cha dharura karibu na kitanda, gari hupeleka wazee dukani na kanisani, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo anapatikana hapohapo. Hata hivyo, ninamsihi kila atakayetembelea mahali pa namna hii asikae sana kwenye bustani na ukumbi wa chakula. Kinachonunuliwa ni ahadi ya miaka ishirini ijayo, na ahadi hiyo imeandikwa kwenye mkataba.

Mikataba ya kawaida ni ya aina tatu. Katika ule wa kwanza mtu hulipa fedha nyingi mwanzoni, na ada yake ya mwezi haibadiliki sana hata akihamia kwa wauguzi. Wa pili humpa kiasi fulani tu cha uuguzi, na kikishaisha hulipa zaidi. Wa tatu una kiingilio cha chini, lakini kila huduma hulipiwa kwa bei ya soko siku inapohitajika, na hapo ndipo akiba ya mtu inapoweza kuteketea. Kiingilio chenyewe ni kuanzia makumi ya maelfu ya dola hadi zaidi ya milioni 1, kutegemea mahali na mkataba, na ada ya mwezi hupandishwa karibu kila mwaka. Tuliomba kuonyeshwa viwango vya ada vya miaka iliyopita, tukavilinganisha na ongezeko la pensheni yake. Bila hesabu hiyo nisingemshauri atie saini.

Ndugu wengi hudhani kwamba bima ya serikali ya Marekani, Medicare, inayoanza mtu anapofikisha miaka 65, itabeba gharama hizo. Haizibebi. Hulipia uuguzi wa kitaalamu usiozidi siku 100 kwa kipindi cha ugonjwa, tena kwa kawaida baada ya mtu kulazwa hospitalini angalau siku 3, na kuanzia siku ya 21 mgonjwa huchangia. Kuogeshwa, kulishwa na kuangaliwa kwa miaka mingi hakumo. Medicaid, msaada wa matibabu wa serikali kwa wasio na uwezo, husaidia, lakini ni kwa mtu aliyebakiwa na mali kidogo sana.

Jambo lililoninyima usingizi ni usalama wa kiingilio. Baadhi ya makazi huahidi kurudisha sehemu kubwa, hata asilimia 90, lakini marejesho husubiri mpaka nyumba ipate mtu mwingine, na makazi yakifilisika mzee kwa kawaida huhesabiwa miongoni mwa wadai wasio na dhamana, yaani wanaolipwa baada ya benki na wengine wenye rehani. Makazi ya Harborside huko Port Washington, jimbo la New York, yaliomba ulinzi wa mahakama kwa ajili ya kufilisika mwaka 2014, tena 2021, na tena 2023, na wakazi waliokuwa wakitegemea marejesho wakapata hasara. Ndiyo maana tuliomba hesabu zilizokaguliwa, tukaangalia madeni na idadi ya nyumba zilizo tupu, na kwa upande wa uuguzi tukaangalia nyota 1 hadi 5 ambazo serikali hutoa kwa kila kituo. Afisa mauzo wa makazi tuliyoyatembelea kwanza alitueleza kwamba hesabu hizo ni siri. Tuliondoka.

Na kurudi Tabora je? Moyo wangu ulitaka arudi, nami nilimwambia hivyo. Pensheni yake ya Marekani ingemfuata hapa, na ingetosha kuajiri wasaidizi wawili na kuishi kwa heshima, akiwa amezungukwa na wajukuu na lugha yake. Lakini Medicare haivuki bahari, na ugonjwa wake wa moyo unahitaji daktari bingwa ambaye kwetu ni lazima kumfuata hospitali ya Bugando, Mwanza, au Dar es Salaam. Makazi ya Ipuli hapa mjini yanaendeshwa na Serikali kwa ajili ya wazee wasiojiweza ambao hawana ndugu wa kuwatunza. Si mahali ambapo mstaafu hununua nafasi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 imeiachia familia jukumu la kwanza la matunzo, na familia yetu, kusema kweli, sote tuko kazini mchana kutwa.

Upweke haukuisha kwa kuhamia kule. Chakula cha jioni ni mapema mno, salamu ni fupi, na jirani yake alihamishiwa upande wa uuguzi huku mumewe akibaki nyumba ya mwanzo. Wanatembeleana kwa miguu, lakini hawalali tena pamoja. Mama mdogo hupika ugali wake mwenyewe na hutupigia simu kila Jumapili.

Kwa mzee ambaye watoto wake wanaishi naye mji mmoja, nisingeshauri kutoa fedha hizo. Kwa mzee kama wetu, nasema afadhali aingie, kwa mkataba wa aina ya kwanza, baada ya hesabu kukaguliwa. Lakini kuna jambo ambalo ni rahisi kulisahau: akifariki, ada inaweza kuendelea mpaka chumba kitolewe vyombo, na gharama ya kusafirisha mwili hadi Tabora ni ya familia. Sisi tumefungua akaunti ya akiba kwa ajili hiyo, rafiki yake wa kanisani ameandikishwa kukabidhi chumba, na nakala za hati zote, pamoja na hati ya uwakilishi inayomruhusu mtu kuamua kwa niaba yake, ninazo mimi hapa Isevya.