Giaboksi Imechoka: Ulitengeneze Gari au Uliuze?

Kama giaboksi ni ya otomatiki na ina kijiti cha kupimia oili, kichomoe ukifute kwa kitambaa cheupe. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua? Huenda klachi za ndani zimeanza kuliwa.

Kwa gharama, kutengeneza ni bora kuliko kuuza ikiwa tatizo ni solenoidi (vali ya umeme inayoongoza oili ndani ya giaboksi) au oili iliyopungua. Ikibidi giaboksi ishushwe na kufumuliwa, bili inaweza kukaribia bei ya gari lenyewe. Kuuza kunaleta pesa haraka, ila mnunuzi atakata bei (na usimfiche ubovu).

Kuhusu kuaminika, lako unalijua. La mtumba utakalonunua lina siri zake. Matunzo je? Giaboksi nzima haiponyi kutu wala injini inayokula oili. Bodi na injini vikiwa vizima, ningetengeneza. Vikiwa hoi, ningeuza.